Uso wa Marehemu na Kibao cha Inchi Sita

Fundi wa mabango mtaani hujulikana kwa kuta zake kabla watu hawajaijua sura yake. Huyu wa kisa chetu, ambaye tutamwita Fundi tu kama walivyomwita wateja, alikuwa na kuta nyingi upande wa Temeke: saluni yenye vichwa vitatu vya akina dada waliosuka mitindo mitatu, kibanda cha chipsi chenye kuku aliyevaa kofia ya mpishi (sijui kuku yule alikuwa akifurahia nini), gereji, duka la dawa, na migongo ya Fuso kadhaa zenye maneno ambayo wenye magari huyachagua kwa makini kuliko wanavyochagua majina ya watoto. Kisa chenyewe ni cha kubuni. Kosa lililomo si la kubuni, na linafanyika leo kwenye meza nyingi za vijana walionunua kibao cha kuchorea cha bei nafuu, wakakichomeka kwenye kompyuta na kuanza kazi jioni hiyohiyo.

Sifa kubwa ya Fundi ilikuwa sura za watu. Mteja akimletea picha ya pasipoti, aliigawa kwa penseli na rula katika miraba midogo, kisha akaugawa ukuta kwa uzi uliopakwa chaki, miraba mikubwa, idadi ileile. Jicho la kushoto likiwa kwenye mraba wa tatu kutoka pembeni na wa pili kutoka juu, ukutani nalo hukaa kwenye mraba huohuo, na pembe ya mdomo hukata mstari palepale inapoukata pichani. Wachoraji wameitumia mbinu hii kwa karne nyingi, na sharti lake ni moja: mraba ubaki mraba. Ukizembea ukutani, ukaiacha miraba ipanuke kidole kimoja kwa upana bila kupanuka kwa urefu, uso mzima unanenepa, na hakuna ufundi wa brashi utakaoukondesha. Fundi alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Aliwahi kumfutisha saidia fundi ukuta mzima, mchana wa jua kali, kwa sababu miraba yake ilikuwa imelala.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango kwenye turubai la plastiki. Bango ambalo Fundi angelichora kwa siku nne, mashine inalitema kabla chai haijapoa, tena kwa bei inayohesabiwa kwa mita ya mraba. Wateja hawakumchukia, walipungua tu. Mwenye saluni alipofungua tawi la pili alipita kumsalimia Fundi vizuri, akamuuliza hali ya watoto, na wakati huo bango la tawi lilikuwa limeshaning'inizwa.

Aliyempa wazo ni mpwa wake, aliyekuwa likizo kutoka chuoni Dodoma na laptopu yake mkononi.

"Mjomba, wale wenye mashine hawachori," alimwambia. "Wanapakua picha mtandaoni, wanabandika. Sura ya mtu ambaye hayupo mtandaoni hawaiwezi. Wewe chora kwenye kompyuta, wapelekee faili, wao kazi yao iwe kuchapa tu."

Ushauri ulikuwa mzuri. Nalisema hili mapema, maana visa vya aina hii hupenda kumtafuta kijana wa kulaumiwa, na humu hayupo.

Wakaenda Kariakoo, wakarudi na kibao kidogo cheusi, chembamba kama daftari, cha laki moja na nusu hivi. Kijana wa dukani alikisifia kwa namba moja tu, ile iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: viwango 8,192 vya mgandamizo. Maana yake ni kwamba kalamu hutofautisha mguso mwepesi na mzito kwa ngazi 8,192, ili mstari uwe mwembamba au mnene kadiri unavyobonyeza. Ni namba ya kuuzia. Hakuna mkono unaotambua tofauti ya ngazi ya 4,000 na ya 4,001, na vibao vya ngazi 2,048 vimefanya kazi nzuri kwa miaka mingi. Namba iliyostahili kusomwa ilikuwa ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo: eneo la kuchorea, milimita 160 kwa 100. Takribani inchi sita kwa nne. Hakuna aliyeisoma.

Ingefaa isomwe, kwa sababu kibao kile kwa ndani ni ukuta uliokwisha kugawanywa miraba. Chini ya plastiki yake umetandazwa wavu wa nyaya nyembamba, za kulala na za kusimama. Nyaya hutoa mawimbi hafifu ya sumaku, koili iliyo ndani ya kalamu huyapokea na kuyarudisha, na kibao hupima ni nyaya zipi zimeitikiwa kwa nguvu zaidi. Hivyo ndivyo kinavyojua kalamu iko wapi, na ndiyo sababu kalamu nyingi za sasa hazina betri. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoieneza teknolojia hii ya kalamu isiyo na waya wala betri. Wachina wa Huion na XP-Pen wakaja baadaye kuishusha bei mpaka ikafika mfukoni mwa mwanafunzi. Wazo la wavu ni la zamani kuliko wote hao. Taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa kibao chake mwaka 1964, chenye eneo la inchi 10 kwa 10, kwa dola 18,000. Leo kijana anabeba kitu makini kuliko kile kwenye mkoba wa vitabu, na ni haki yake kufurahi.

Ila ukuta wa Fundi na wavu wa kibao vina tofauti moja, nayo ndiyo iliyomgharimu. Ukutani mkono wake ulikuwa ukichora kwa ukubwa wa kazi yenyewe. Herufi ya nusu mita aliivuta kwa bega, nusu mita kamili, na alichokiona ndicho alichokifanya. Kwenye kibao cha milimita 160, kazi ikiishia kwenye bango la mita mbili, kila kitu kimezidishwa mara 12 na nusu. Mkono ukitetemeka nusu milimita, bangoni ni zaidi ya nusu sentimita. Kibao kidogo kinachukua kila unachokipa, kizuri na kibaya, na kukikuza kwa kiwango kilekile, na hakikuambii kiwango hicho ni kipi mpaka uulize.

Siku za mwanzo zilikuwa za kujifunza upya. Mkono uko mezani, jicho liko kwenye kioo cha laptopu, na mtu mzima aliyechora kuta kwa miaka ishirini anajikuta hawezi kufikisha mstari kwenye nukta. Hilo humpata kila mmoja, nalo hupita. Baada ya wiki chache mkono ukakubali. Mpwa alikuwa amemwekea Krita, programu ya kuchorea ya bure kabisa, na Fundi akagundua humo kuna kitulizi kinachonyoosha mistari inayotetemeka. Akakipandisha hadi mwisho. Sikipingi kitulizi, lakini kikizidi mstari hufuata kalamu kwa kuburuzwa, na herufi za Fundi, zilizokuwa na mruko uliomtambulisha kutoka ng'ambo ya barabara, zikaanza kufanana na za kila mtu.

Jambo jingine lilitokea katika wiki hizo, na hakuna aliyeliona. Fundi alipochora duara, kwenye kioo lilitoka duara. Alichokuwa akikifanya mkono wake pale mezani hakikuwa duara: lilikuwa yai lililosimama. Jicho lililotazama kioo lilikuwa likiusahihisha mkono kimyakimya, na mkono ukazoea kuchora yai ili kioo kionyeshe duara. Kwa sababu alichora huku akitazama kioo, kila kitu kilikuwa sawa.

Ndipo ikaja kazi ya familia moja ya Tandika. Mama yao alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, kungekuwa na misa ya kumbukumbu na chakula nyumbani, na watoto walitaka bango la mita mbili kwa moja: uso wa mama upande mmoja, maneno upande mwingine. Mama yule hakupenda kupigwa picha. Picha yake pekee iliyoeleweka ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura, ndogo, yenye mkwaruzo shavuni. Wenye mashine walijaribu kuikuza ikavunjika yote, ikabaki madoadoa. Hii ilikuwa ndiyo kazi hasa ambayo mpwa aliitabiri. Fundi akapewa advansi, akapewa kadi, akaambiwa na binti mkubwa, "Fundi, tunakuamini."

Akafanya alichokijua. Aliigawa picha ya kadi kwa miraba, akaichora upya kwenye karatasi kwa penseli, saizi inayotosha juu ya kibao. Mchoro ule wa penseli ulikuwa safi. Mashavu membamba ya marehemu, taya iliyochongoka, kope zilizolegea kidogo upande wa kulia, vyote vilikuwepo. Kama angempelekea binti karatasi ile, angelia hapohapo kwa kumwona mama yake. Kisha akaibandika karatasi juu ya kibao kwa selotepu na kuanza kuipitishia kalamu, mstari kwa mstari, ili uso uingie kwenye kompyuta. Karatasi haizuii, kalamu husomwa hata ikiwa imeinuka milimita kadhaa juu ya kibao. Safari hii, kwa mara ya kwanza, Fundi alichora akitazama karatasi badala ya kioo. Jicho lililokuwa likimsahihisha lilikuwa limegeukia kwingine.

Tulitazame kwa karibu lililotokea pale mezani. Kibao kina upana wa 160 na urefu wa 100, yaani uwiano wa 16 kwa 10. Kioo cha laptopu ya mpwa, kama cha laptopu nyingi zilizopo mitaani, kina uwiano wa 16 kwa 9. Kibao kikichomekwa bila kuelekezwa, hujitandaza juu ya kioo chote, kona kwa kona. Upana wa milimita 160 unavutwa kujaza milimita 344 za kioo cha inchi 15.6, na urefu wa milimita 100 unavutwa kujaza 194. Upana umekuzwa mara 2.15, urefu mara 1.94. Piga hesabu utaona kila kitu kimepanuka kwa sehemu moja ya tisa. Uso wa upana wa sentimita 9 unakuwa wa 10, na kidevu kiko palepale. Miraba imelala.

Na haikuonekana imeharibika. Macho yalikuwa kwenye mstari mmoja, mdomo ulikuwa chini ya pua, kope ya kulia ilikuwa imelegea kama inavyotakiwa. Uso uliopanuliwa sehemu moja ya tisa bado ni uso kamili, isipokuwa ni wa mtu mwingine. Fundi hakuwahi kumwona marehemu akiwa hai, na karatasi aliibandua akaiweka kando, akaanza kupaka rangi. Usiku baada ya usiku alivuta picha karibu mpaka jicho moja likajaza kioo, akaweka mng'ao ndani ya mboni, akachora unywele mmojammoja, akahamia jicho la pili. Ukutani alikuwa na desturi ya kuvuka barabara kila baada ya nusu saa, kusimama upande wa pili na kuitazama kazi kama mpita njia. Kwenye kompyuta barabara hiyo ipo. Unarudisha picha nyuma ionekane yote, au kwenye Krita unabonyeza herufi M, kioo kinaigeuza kulia kuwa kushoto, na uso uliouzoea unakuwa mgeni mara moja. Hakuwahi kuivuka. Kibao kidogo ndivyo kinavyomvuta mtu: ili nusu milimita ya mtetemo isionekane, unasogea karibu zaidi na zaidi, na ukishakuwa karibu unafurahia unywele na kuusahau uso.

Bango likachapwa. Jumamosi ya misa likafungwa uani, chini ya maturubai ya shughuli, nyuma ya meza ya wafiwa. Uso wa mama ulikuwa mkubwa, wenye tabasamu la upole, na pembeni maneno: Mwaka mmoja bila wewe, Mama. Pumzika kwa amani. Watu walisifia. Fundi alikuwa amealikwa, amepewa kiti na soda.

Mdogo wake marehemu aliingia asubuhi hiyo kutoka Songea, mama mwenye mwili, mcheshi, mzigo bado uko mkononi. Akasimama mbele ya bango.

"Hii picha yangu mmeipata wapi?"

Binti mkubwa akacheka, akidhani ni utani. Kumbe hakuwa akitania. "Ma'mdogo, huyo ni mama."

"Mama yenu alikuwa na uso mwembamba kama huo wako wewe. Huyu ni mimi." Akaweka mzigo chini. "Nimepanda basi jana, nimekaa usiku kucha barabarani, nafika nakuta mmeshaniandikia nipumzike kwa amani."

Neno likishasemwa halirudi. Kila aliyelitazama bango baada ya hapo alimwona Ma'mdogo. Mzee mmoja akasema si vizuri kutundika sura ya mtu aliye hai kwenye shughuli ya marehemu, mwingine akasema tuache imani za kizamani, na wakati wanabishana Ma'mdogo mwenyewe alikuwa amehamisha kiti chake kwenda upande wa jikoni ambako bango halionekani. Kabla padri hajafika walilifungua, wakalikunja. Ile picha ya kadi ikawekwa kwenye fremu mezani, ndogo hivyohivyo, na mkwaruzo wake.

"Fundi, leo hatugombani," binti mkubwa alimwambia akimsindikiza getini. "Jumatatu tuonane."

Jumatatu Fundi alirudisha advansi, na gharama ya kuchapa ikabaki kwake.

Sasa tufike kwenye sehemu inayoniumiza zaidi ya bango. Fundi angeweza kuuliza kwa nini uso umenenepa. Mtu pekee pale mtaani aliyekuwa na jibu alikuwa yeye mwenyewe, aliyemfutisha saidia fundi ukuta kwa kosa hilohilo. Hakuuliza. Alikitazama kibao, akakiona kidogo, na udogo ukawa maelezo ya kila kitu. Kitu cha laki moja na nusu utategemea nini? Hoja hiyo hukubalika haraka kila mahali, na mjini Dar es Salaam ingepaswa kukubalika polepole kidogo, kwa sababu hapahapa, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, na mtindo uliotoka hapo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Alichokuwa nacho kilikuwa rahisi, naye alijua rangi ile inakauka vipi na ubao ule unainywa kiasi gani.

Fundi alikiuza kibao kwa bei ya kutupa kwa kijana wa stika aliyekuwa na kibanda jirani, yule anayekata maandishi ya kubandika kwenye bodaboda na bajaji. Kisha akachukua mkopo wa mtaani, wa aina ile watu waliyoibandika jina la kausha damu, rejesho kila Ijumaa, akanunua kibao chenye kioo. Hicho unachora moja kwa moja juu ya picha, kama karatasi. Nikitendee haki: kosa la uso lisingetokea humo, kwa kuwa kalamu inagusa palepale mstari unapotokea. Ni kifaa kizuri mno. Kinahitaji umeme wake, waya wa USB, na kompyuta yenye tundu la HDMI au la aina inayokubaliana nacho, maana chenyewe si kompyuta.

Wiki iliyofuata likizo iliisha. Mpwa akapanda basi la Dodoma na laptopu yake begani, kama ilivyo haki ya mwanafunzi. "Mjomba, si utanunua ya kwako?" aliuliza, na Mjomba akasema ndiyo, kwa kuwa hakuwa na jibu lingine la kumwambia mtoto kituo cha basi. Kibao chenye kioo kikabaki kabatini ndani ya boksi lake. Ijumaa ikafika na rejesho lake, na ya pili, na ya tatu.

Kijana wa stika hakuwa na kompyuta nzuri, alikuwa na simu. Alisoma boksi, akaona kibao kinakubali Android (si vyote vinavyokubali, na si kila simu), akanunua kipande kidogo cha OTG cha kuunganishia, akachomeka. Kabla ya kuchora chochote alifanya kitu ambacho kingemwokoa Fundi: alichukua kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, akakiweka katikati ya kibao na kukizungushia kalamu. Kioo kikatoa yai. Akalitazama, akaenda kutafuta.

Mtihani huo ni wa kila mtu na hauna gharama. Kifuniko kiwe cha plastiki, kwa sababu chuma na sumaku karibu na kibao huvuruga mawimbi, pamoja na spika na yale makava ya simu yenye sumaku. Ukipata yai, fungua programu ya kibao chenyewe, ile iliyokuja nacho, uende kwenye sehemu ya eneo la kuchorea. Humo kuna mahali pa kudumisha uwiano wa kioo. Jina hutofautiana kwa kila kampuni, kazi ni ileile. Ukiichagua, kibao kinakata kipande cha eneo lake: milimita 160 kwa 100 zinakuwa 160 kwa 90. Umepoteza sentimita moja, ukanda wa chini usiozidi unene wa kidole, na duara linakuwa duara. Kioo kikibadilika, rudia. Ukichomeka televisheni au projekta ya ukumbini kando ya laptopu, kibao kinaweza kujitandaza juu ya vioo vyote viwili, na hapo uso hautanenepa kwa sehemu moja ya tisa tu, utakuwa mpana maradufu. Kwenye simu iliyosimama wima, eneo linalotumika hubaki kipande chembamba. Kijana wa stika alipoona hivyo aliilaza simu na kukizungushia kifuniko upya.

Mkono uliokwisha kuzoea yai nao utalalamika siku mbili tatu baada ya marekebisho. Uache ulalamike.

Siku moja Fundi alipita kibandani kununua vocha, akakuta kijana anachora simba wa kubandika kwenye tangi la pikipiki, na kifuniko cha chupa kikiwa pembeni ya kibao.

"Hicho cha nini?"

Kijana akamwonyesha. Aliondoa ule mpangilio wa uwiano, akazungusha kalamu, likatoka yai. Akaurudisha, akazungusha, likatoka duara. Alikuwa ameanza kumweleza mambo ya 16 kwa 10 na 16 kwa 9 pale Fundi alipomkatiza.

"Miraba ilikuwa imelala," alisema. Alisimama pale muda mrefu kuliko vocha inavyohitaji.

Kuta alirudi kuzichora, zile zilizopo, na rejesho lilitoka humo. Kibao chenye kioo alikitangaza kukiuza. Alhamisi moja alikuja kijana wa kwanza mwenye fedha taslimu, mwanafunzi wa kidato cha sita aliyemaliza mitihani, macho yanang'aa, noti zimeshatolewa mfukoni kabla boksi halijafunguliwa.

"Kompyuta unayo?" Fundi aliuliza.

"Ya kaka yangu, Fundi."

"Kaka anakaa wapi?"

"Morogoro. Lakini anakuja mara kwa mara."

"Ina tundu la HDMI?"

Kijana hakujua. Fundi akalifunga boksi, akamwambia aende akaangalie, akaikamate kompyuta yenyewe kwa mikono yake, ndipo arudi na hela zake. Kibao atamtunzia, hamuuzii mtu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na mkusanyaji wa marejesho hakutaka kusikia habari za Morogoro. Kijana alirudi Jumatatu akiwa na laptopu begani. Faini ya kuchelewesha rejesho Fundi aliilipa mwenyewe.